Canaletto wawili: mjomba, mpwa, na karatasi iliyonunuliwa Dresden

*"Naishi Dresden kwa masomo. Mwezi uliopita nilinunua kwenye soko la vitu vya kale karatasi kubwa yenye picha ya mji huu: mto, daraja, kanisa lenye kuba. Chini kuna maandishi ya Kifaransa na maneno 'dit Canaletto'. Muuzaji aliniambia ni kazi ya Canaletto wa Venice. Lakini nimesoma kwamba Canaletto alifariki mwaka 1768 na hakuwahi kufanya kazi Ujerumani, na rafiki yangu aliyetembelea Warsaw ananiambia kule kuna chumba kizima cha Canaletto chenye picha za miaka ya 1770. Mwenye nyumba wangu naye anasema huyo ni mpwa aliyeiba jina la mjomba wake, na kwamba wote wawili hawakujua kuchora, walikuwa wakifuatisha kivuli ndani ya sanduku. Nani ni nani? Ni kweli Warsaw ilijengwa upya kwa kufuata picha zake? Na karatasi yangu ina maana yoyote, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?"*

Ndugu msomaji, muuzaji, rafiki yako na mwenye nyumba wako wameshika kila mmoja kipande chake cha ukweli, ndiyo maana vipande havishikani. Canaletto walikuwa wawili. Wa kwanza ni Giovanni Antonio Canal, aliyezaliwa Venice mwaka 1697 na kufia hukohuko 1768. Huyo hakuchora Dresden wala Warsaw. Wa pili ni Bernardo Bellotto, mtoto wa dada yake, aliyezaliwa Venice mwaka 1722 na kufariki Warsaw tarehe 17 Novemba 1780. Mandhari iliyo kwenye karatasi yako ni ya huyu wa pili. Kama karatasi yenyewe ilipita mikononi mwake, au ilitoka kwenye mashine ya kiwandani miaka 150 baadaye, hilo ni swali jingine, na unaweza kulijibu nusu yake leo usiku ukiwa na lenzi na rula.

Tuanze na jina, maana ndilo lililozua kizaazaa chote. Wengi hudhani "Canaletto" limetokana na mifereji ya Venice aliyoichora mjomba. Sivyo. Canal ni jina la ukoo, na "-etto" ni kiambishi cha udogo: Canal mdogo. Mkubwa alikuwa baba yake, Bernardo Canal, mchoraji wa mandhari za jukwaani. Antonio alijifunza kazi kwa baba huyo pamoja na kaka yake Cristoforo, na mwaka 1720 baba na mwana walikuwa Roma wakichora majukwaa ya opera za Alessandro Scarlatti. Usiipuuze kazi ya jukwaa. Mchoraji wa pazia la maonyesho anatakiwa kuchukua kitambaa bapa na kukifanya kionekane barabara inayorudi nyuma nusu maili, na mtu aliyekaa kiti cha pembeni asigundue ujanja. Watu wa ukoo huu walikua na ujuzi huo nyumbani, kama mtoto wa fundi seremala anavyokua na randa.

Dada yao Fiorenza aliolewa na Lorenzo Bellotto, na mtoto akapewa jina la babu mzaa mama, Bernardo, kama inavyofanyika kwetu. Mdogo wake, Pietro, naye akawa mchoraji, akahamia Ufaransa na kujitangaza huko kwa jina la namna hiyohiyo ya Canaletto. Hapo umeshapata watu watatu wa nyumba moja wanaotumia jina moja katika nchi tofauti. Wala hawakuwa peke yao kwa mtindo huo. Wakati huohuo Venice kulikuwa na kina Guardi: Gianantonio, mdogo wake Francesco mchoraji wa mandhari, baadaye Giacomo mtoto wa Francesco, na dada yao Cecilia aliyeolewa na mchoraji Giambattista Tiepolo. Uchoraji ulikuwa biashara ya nyumbani, na mali ya biashara hiyo ilikuwa michoro ya karatasi. Mchoro mmoja mzuri wa uwanja wa San Marco ulikaa kwenye karakana miaka ishirini, ukazaa picha kumi za mafuta, nyingine za mwalimu, nyingine za mwanafunzi.

Bernardo aliingia kwenye karakana ya mjomba akiwa na umri wa miaka 13 au 14, na mwaka 1738, akiwa na miaka 16, tayari jina lake lilikuwa kwenye orodha ya chama cha wachoraji wa Venice, Fraglia dei Pittori. Alinakili michoro ya mjomba, akachora turubai kutokana nayo, na zikauzwa. Hadi leo wataalamu wanazihamisha picha za mwishoni mwa miaka ya 1730 kutoka jina moja kwenda jingine, na si kwa uzembe. Karakana ilifanya kazi ili mikono isitofautiane.

Je, aliiba jina? Tazama sahihi yake. Aliandika "Bernardo Bellotto detto Canaletto", yaani Bernardo Bellotto aitwaye Canaletto, na kwa Kifaransa cha karatasi yako, "dit Canaletto". Jina lake linatangulia. La mjomba linafuata kama alama ya karakana aliyofundwa. Mwizi haanzi kwa kujitaja. Hata hivyo siwezi kusema hakufaidika. Baadaye Warsaw aliandika "Bernardo Bellotto de Canaletto", na hiyo "de" badala ya "detto" inanukia uungwana wa kujipa mwenyewe. Kuna picha yake ya jengo la kubuni ambamo amejichora amevaa joho la mheshimiwa wa Venice, cheo ambacho hakuwahi kuwa nacho. Na gharama ya jina kutumiwa na wawili ililipwa na mjomba. Mjomba alipokwenda London mwaka 1746, baadhi ya watu walianza kunong'ona kwamba huyo si Canaletto halisi. George Vertue, aliyeandika habari za wasanii wa Uingereza siku zile, aliuandika uvumi huo. Mwaka 1749 Canaletto akalazimika kutangaza gazetini kwamba anayetaka kuhakikisha aje alikopanga aitazame picha yake.

Maisha ya mpwa baada ya kuondoka Venice yanaeleza kwa nini karatasi yako ni ya Dresden. Alioa mwaka 1741, Elisabetta Pizzorno, kisha akazunguka: Roma, Florence, Lucca, Milano na vijiji vyake, Turin, Verona. Vita vya kugombania urithi wa Austria vilikuwa vimepunguza Waingereza matajiri waliokuwa wakinunua mandhari za Venice. Hicho ndicho kilichompeleka mjomba London na mpwa Dresden. Bellotto alifika hapo ulipo mwaka 1747, kwa mwaliko wa Augustus wa Tatu, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha mchoraji wa mfalme kwa mshahara wa thala (sarafu ya fedha ya Ujerumani siku zile) 1,750 kwa mwaka, mkubwa kuliko aliokuwa akipewa msanii mwingine yeyote wa ikulu ile. Alikuwa na miaka 26.

Kwa fedha hizo alimchorea mfalme picha 14 za Dresden na 11 za mji wa Pirna, nyingi zikiwa na upana wa takriban sentimita 237 na kimo cha 133. Waziri mkuu, Heinrich von Brühl, naye aliagiza nakala zake kubwa vilevile. Na mandhari hizo za Dresden, Bellotto akazitia kwenye mabamba ya shaba nyekundu kwa mkono wake ili zichapwe kwenye karatasi. Ndipo chapa kama yako inapotoka.

Mwaka 1756 Frederick wa Pili wa Prussia aliivamia Saxony. Augustus akakimbilia Warsaw, mishahara ikakatika. Bellotto alikuwa ameagizwa picha tano za ngome ya Königstein. Alizimaliza lakini hazikufika kwenye makumbusho ya mfalme, ndiyo maana leo moja iko Washington, mbili Manchester, na moja ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka 2017. Alikwenda Vienna kwa Maria Theresa, mtawala wa Austria, mwaka 1759, akapita Munich 1761, akarudi Dresden na kukuta nyumba yake imeteketea katika mizinga ya 1760. Alidai fidia ya thala 50,000. Mwaka 1763 Augustus na Brühl wakafariki mwezi mmoja, Oktoba, na utawala mpya ukampa kazi ya kufundisha perspektivu, yaani kuonyesha umbali kwenye uso bapa, kwenye chuo kipya cha sanaa kwa thala 600. Kutoka 1,750 hadi 600. Picha nzuri kuliko zote alizochora Dresden, kwa maoni yangu, ni ya kipindi hicho cha dhiki: kanisa la Kreuzkirche likiwa magofu, 1765. Mnara umepasuka katikati kama jino bovu, na mafundi wadogo kama sisimizi wamepanda ngazi kuubomoa.

Mwishoni mwa 1766 aliaga kwenda St Petersburg, akapita Warsaw, na hakuendelea. Mfalme wa Poland, Stanisław August Poniatowski, alimshika. Alikaa miaka 14, hadi kifo, na ndizo picha alizoziona rafiki yako: 22 ziko leo kwenye Chumba cha Canaletto katika Kasri la Kifalme. Familia iliendelea na kazi hata huko. Mwanawe Lorenzo alimsaidia hadi alipofariki mwaka 1770, na binti yake mmoja aliolewa na Perthées, mchoraji ramani wa mfalme.

Sasa sanduku. Mwenye nyumba wako anazungumzia kamera obskura. Ni sanduku au hema dogo lenye giza; upande mmoja kuna lenzi, ndani kuna kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, na taswira ya nje inaangukia kwenye kioo cha ukungu au karatasi. Unaifuatisha kwa penseli. Wote wawili walikijua chombo hicho. Daftari la mjomba lililoko makumbusho ya Accademia, Venice, lina mistari ya haraka ya majumba kando ya mfereji mkuu, ukurasa baada ya ukurasa, na baadhi ya wataalamu wameiona kama kazi ya kufuatisha.

Lakini jaribu kutengeneza picha kwa sanduku peke yake uone linavyokukwamisha. Lenzi ya siku zile inaona eneo jembamba, na pembeni taswira inafifia na kupinda. Mandhari ya Dresden kutoka ng'ambo ya mto haiingii kwa mara moja. Itabidi uelekeze sanduku mara tatu au nne na kuunganisha karatasi, na kila unapoligeuza, mistari ya paa inaelekea kwenye upeo wake mpya. Ukiunganisha bila kusahihisha, mstari wa majengo unavunjika kwenye kila kiungo. Hapo ndipo elimu ya jukwaa inapoingia: mchoraji anachagua nukta moja ambako mistari yote inakutana, anachora upya kila kitu kwa rula kuelekea nukta hiyo, na jengo lisilokubali analisogeza. Canaletto alisogeza minara bila aibu. Bellotto ni mwaminifu zaidi, ila naye hurefusha minara na kupanua viwanja pale picha inapodai.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Turubai lilipakwa kwanza msingi, yaani tabaka la rangi ya kahawia, nyekundu au kijivu. Juu yake mistari mikuu ya majengo ilichorwa kwa penseli au kukwaruzwa kwa chuma chenye ncha kufuata rula, kwenye msingi. Ukisimama ubavuni mwa picha na mwanga ukitoka kando utaiona mikwaruzo hiyo kwenye kingo za kuta. Uchunguzi wa infraredi uliofanyiwa picha na michoro ya Canaletto iliyoko kwenye mkusanyo wa kifalme wa Uingereza ulionyesha penseli, rula na vitundu vya bikari chini ya wino na rangi, zana za mtu anayejenga picha, si anayefuatisha kivuli. Anga hupakwa mapema, buluu ya Prussia ikichanganywa na nyeupe ya risasi. Buluu hiyo ilikuwa mpya, iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Halafu majengo, halafu maji au sakafu ya uwanja. Watu huja mwisho kabisa, juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Ukienda kwenye makumbusho pale Zwinger, tafuta mtu mdogo aliyesimama kwenye mawe ya uwanja: mara nyingine utaona mistari ya mawe ikipita ndani ya koti lake. Mafuta yanapozeeka rangi hupungua uzito na kuanza kupitisha kilicho chini. Siku ilipochorwa koti hilo lilikuwa zito kabisa.

Ukiwa hapo, jifunze kutofautisha mikono. Mwanga wa mjomba, hasa kuanzia miaka ya 1730, ni wa joto, wa asali. Maji yake yana viwimbi vidogo vilivyopinda kama nyusi, vinavyojirudia. Watu wake ni vidoti vyeupe na vyekundu. Mpwa ni baridi. Anga lake lina buluu ya chuma, vivuli vyake ni vyeusi na vinakata barabara nzima, kuta zake zina plasta iliyobanduka na madoa ya unyevu, na watu wake ni wazito, wana kazi: wanapasua kuni, wanaongoza punda, wanaomba. Mjomba alimuuzia msafiri kumbukumbu ya likizo. Mpwa alimchorea mfalme mali yake, tofali kwa tofali.

Ukweli huo wa tofali ndio ulioleta habari ya Warsaw. Wajerumani waliubomoa mji kwa makusudi baada ya maasi ya 1944, na kasri likalipuliwa kwa baruti. Ni kweli wajenzi walizitazama picha za Bellotto, hasa kwa barabara ya Krakowskie Przedmieście, Miodowa na majumba ya kando yake, na kasri likasimama tena kati ya 1971 na 1984. Lakini si kweli kwamba mji ulijengwa kwa picha peke yake. Picha haikwambii unene wa ukuta wala mpangilio wa vyumba. Kwa Mji Mkongwe tegemeo kubwa lilikuwa vipimo vilivyochukuliwa kabla na wakati wa vita na wasanifu majengo wa Politechnika ya Warsaw, vikatoroshwa na kufichwa kwenye monasteri huko Piotrków. Na pale wajenzi walipomfuata Bellotto kama alivyo, walirithi pia marekebisho yake, kwa hiyo kuna mapambo yaliyojengwa karne ya ishirini ambayo karne ya kumi na nane yalikuwepo kwenye turubai tu.

Haya, leta karatasi mezani. Nawa mikono na uikaushe mikono hiyo, toa chai yote, laza karatasi juu ya kadibodi safi. Usiifute, usiipige pasi, usivute gundi ya plasta iliyoko nyuma hata kama imejibandua nusu.

Kwanza elewa chapa ya halisi ilitengenezwaje. Bamba la shaba lilipakwa nta ya kuzuia tindikali. Mchoraji alichana nta kwa sindano, bamba likatiwa kwenye tindikali, na tindikali ikala shaba mahali palipochanwa tu. Nta ikaondolewa, wino ukajazwa kwenye mifereji, uso ukafutwa, kisha karatasi iliyolowanishwa ikabanwa juu ya bamba kwa rola yenye shinikizo kubwa. Ushahidi wote utakaoutafuta unatokana na hatua hii ya mwisho.

Pima. Chapa kubwa za Dresden za Bellotto ni za takriban sentimita 54 kwa 84. Ukipima picha yako na kukuta 30 kwa 45, umemaliza: ni nakala iliyopunguzwa, kwa sababu bamba halipungui. Kama kipimo kinakaribia, endelea. Karatasi hunywea ikikauka, tofauti ya sentimita moja isikutie hofu.

Tafuta alama ya bamba. Shinikizo huacha mpaka uliobonyea kuzunguka picha yote, kama alama ya sahani kwenye unga. Pitisha macho kando karatasi ikiwa bapa, taa ikiwa chini ubavuni. Hakuna mpaka, na kingo hazijakatwa? Dalili mbaya. Uko mpaka? Usishangilie bado: nakala nzuri za mwishoni mwa karne ya 19, zilizotengenezwa kwa picha ya kamera kwenye bamba la shaba, nazo zina mpaka huo.

Kwa hiyo chukua lenzi ya sonara, ya kukuza mara 10, na utazame anga na vivuli vya daraja. Ukiona vidoti vilivyopangika kwa safu, vya rangi moja au nne, hiyo ni chapa ya kiwandani ya karne ya ishirini, nzuri kwa ukuta na basi. Ukiona chembechembe au vijiminyoo visivyo na mpangilio vikijaza sehemu za kijivu, hiyo ni nakala ya kamera. Chapa ya sindano haina kijivu chochote. Ina mistari myeusi tu, na kijivu hutokea mistari inapokaribiana au kukatana. Kila mstari una wino uliosimama juu ya karatasi, kiasi kwamba kwenye mwanga wa ubavuni unaona kivuli chake.

Kisha inua karatasi mbele ya dirisha, kwa mikono miwili. Karatasi ya katikati ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa mkono kwenye chekeche la waya, na waya hizo zinaonekana: mistari membamba iliyosongamana, ikikatwa na mistari mizito michache iliyoachana takriban sentimita mbili na nusu. Huenda ukaona pia alama ya maji, nembo ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza kutumika Uingereza miaka ya 1750 na ilichelewa kuenea, kwa hiyo kwa chapa ya Dresden ya 1750 ni ishara ya uchapaji wa baadaye. Na ukiwa na taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, imulike gizani. Karatasi iking'aa buluu-nyeupe kama shati jipya, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutiwa karatasini katikati ya karne ya ishirini.

Tatizo linalobaki haliwezi kutatuliwa na lenzi. Bamba la shaba halifi na mwenyewe. Linaweza kuchapwa tena miaka hamsini baadaye na mtu mwingine, na chapa hiyo itapita majaribio yako karibu yote: kipimo sawa, mpaka upo, mistari ya wino ipo. Tofauti ni kwamba shaba imechakaa. Mistari myembamba ya angani imekatika, vivuli vizito vimegeuka kijivu, na mara nyingine maandishi ya chini yamebadilishwa. Kuyaona hayo lazima uilinganishe yako na chapa ya mapema iliyothibitishwa, bega kwa bega. Una bahati ya mahali: Kupferstich-Kabinett, hazina ya chapa na michoro, iko hapohapo Dresden kwenye jumba la Residenzschloss. Waandikie kwanza, uambatanishe picha nne: mbele yote, nyuma yote, maandishi ya chini kwa karibu, na karatasi ikiwa mbele ya mwanga. Taja kipimo cha alama ya bamba, si cha fremu. Makumbusho kwa kawaida hutambua kazi lakini hayataji bei. Bei utaiuliza kwa mthamini wa nyumba ya mnada, na yeye umuulize kabla kama anatoza, maana anayekuthaminia na kutaka kununua papo hapo ana maslahi mawili mfukoni.

Uliza pia karatasi ilikotoka, hata kama muuzaji atacheka. Tazama nyuma: mihuri, namba za penseli, lebo za duka la fremu. Kazi za Bellotto zilihamahama sana kwa vita na uporaji. Zile za Warsaw zilichukuliwa na Wafaransa, kisha Warusi, kisha Wajerumani, na kila mara zikarudi. Mwaka 2019 serikali ya Ujerumani ilirudisha picha zake mbili za mafuta kwa warithi wa Max Emden, Myahudi aliyelazimika kuziuza zamani za Hitler. Picha nyingine ya Emden, ya soko la Pirna, ilichanganywa baada ya vita na nakala ya mandhari hiyohiyo, ikapelekwa Uholanzi kimakosa, ikaishia makumbusho ya Houston, na ikaleta kesi ya miaka mingi Marekani. Ukikuta muhuri wa mkusanyo au wa maktaba, usiukwangue. Upige picha, kisha utafute kwenye orodha ya mtandaoni ya Lost Art, iliyoko Magdeburg, haitozi chochote.

Kabla ya yote hayo, itoe kwenye fremu kama imebandikwa kwenye ubao au kadibodi ya kahawia, lakini kwa sharti moja: iwe imeshikwa kwa vipande vidogo juu tu. Ikiwa imegandishwa yote kwa gundi, iache hivyo na umpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi, kwani maji ya bomba na papara vimeharibu chapa nyingi kuliko nondo. Madoa ya kahawia kama mabaka ya ndizi mbivu usiyapake dawa ya kung'arisha. Usikate ukingo ili iingie kwenye fremu ya dukani. Ukingo uliobaki nje ya alama ya bamba ni sehemu ya ushahidi na ya thamani. Ukiipeleka mjini usiikunje kwa bomba. Iweke bapa kati ya kadibodi mbili zisizo na asidi, kubwa kuliko karatasi kwa sentimita tano kila upande, ufunge kadibodi, si karatasi, na kama mvua inanyesha, subiri kesho.